Mbele ya Kula

Jumapili, 8 Septemba 2013

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Gisèle, ambaye mimi humwambia kila kitu kwa sababu ana miaka tisa na husahau. Aliyemtoboa Mama tumbo ni mimi.

Nitaandika polepole, nisije nikajificha nyuma ya maneno.

Mwezi wa tatu nilimpeleka Mama kwenye kituo cha afya. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na asubuhi havikukunjika. Mama ni msusi. Wanawake wa Misiera, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na wengine kutoka Ngarama, humletea vichwa vyao kwa sababu mistari yake ni myembamba na imenyooka kama ya daftari. Musawo, ndivyo tunavyomwita muuguzi hapa Uganda, alimpa diklofenaki, dawa ya kupunguza uvimbe, kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Musawo huyo anaitwa Kembabazi. Kiswahili chake amekiokota sokoni na kwa askari, na hukisema haraka. Alisema, "Hii unameza mbele ya chakula," kisha akaita mtu mwingine.

Mama akanigeukia. Mimi ndiye msomaji wa nyumba.

Kwetu sisi watu wa Kivu, mbele ya kula ni kabla ya kula. Katika vitabu vyangu, kilicho mbele yako ni kile unachokitazama. Nilizijua maana zote mbili. Nilihisi kwamba huenda Musawo alitaka chakula kiwepo, Mama ale, ndipo ameze. Ilinibidi niulize neno moja tu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na ndani yake walikuwamo wanafunzi wawili wa darasa langu. Niliona haya. Nikamwambia Mama: mbele ya kula. Na kwa kuwa alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama kitabu, nikaongeza: nusu saa mbele.

Hiyo nusu saa hakuisema mtu. Niliitoa kichwani mwangu ili nionekane najua.

Mama alitii miezi mitano. Hatuna saa, kwa hiyo alikuwa akimtuma Gisèle kwa jirani yetu Georgette akaangalie saa ya ukutani, sufuria ikikaa imefunikwa. Dawa ilimsaidia mikono. Alisuka tena, aliimba. Mwezi wa nane alitapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa, akaanguka mlangoni. Gari la wagonjwa lilimpeleka Mbarara, akaongezewa damu ya watu asiowajua.

Sasa amerudi, na ameapa kwamba kidonge hakitapita tena mdomoni mwake. Hata vya kutibu tumbo alivyopewa siku ya kutoka amevifunga kwenye kitambaa na kuviweka juu ya dari. Kadi ya hospitali inasema arudi tarehe 24 Oktoba, kliniki ya viungo. Anasema haendi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeamua kuandika kila siku saa ambayo mikono ya Mama inaamka. Kuamka maana yake kidole gumba kiweze kugusa kidole cha mwisho, kulia na kushoto. Saa ya Georgette hupiga wimbo kila inapotimia saa kamili na husikika hadi kwetu, kwa hiyo hata nikiwa shuleni Mama atakadiria robo na nusu, aniambie jioni.

Leo: saa tatu.

Alhamisi, 12 Septemba

Saa tatu na nusu. Mvua ya kwanza.

Jumatatu, 16 Septemba

Saa tatu na nusu. Shule imefunguliwa. Senior Three, yaani kidato cha tatu, muhula wa tatu. Mwalimu wa baiolojia aliniita nisome kwa sauti nikasoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Jumatano, 18 Septemba

Saa nne. Nimetazama kamusi ya maktaba. "Mbele" imepewa maana nne, na ile yetu ya Kivu haimo. Nilikasirika na kamusi kwa muda wote wa chakula cha mchana. Kisha nikakumbuka kwamba kamusi haikuwepo kwenye foleni ile. Mimi nilikuwepo.

Jumamosi, 21 Septemba

Saa nne na robo. Mvua usiku kucha, uwanja umekuwa uji.

Georgette alikuja kusukwa. Ni mwanamke mnene anayeuza dagaa na anayemtania kila mtu, na Mama humpenda kwa sababu hiyo. Aliketi kwenye mkeka saa tatu, akaambiwa angoje mikono iamke. Akashika vidole vya Mama akavigeuza huku na huku.

"Mama Apolline, ivi vidole vimekuwa mandizi. Nikuchemshie na maharagi?"

"Chemsha," Mama akasema, "lakini utakula na pete yangu."

Walicheka wote wawili. Pete ya Mama haitoki tena kidoleni. Saa nne na robo akaanza kusuka, akaenda mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukapinda. Aliufumua. Akausuka tena, ukapinda palepale. Georgette hana kioo, lakini alipitisha kidole kichwani akajua. Alikaa hadi mwisho, akashukuru, akafunga kitambaa kabla ya kutoka nje.

Nilitaka kusema siku hiyo. Mdomo ulifunguka. Nikaenda kuteka maji.

Jumanne, 24 Septemba

Saa nne na nusu.

Alhamisi, 26 Septemba

Saa nne na nusu.

Leo nilifanya jambo. Baada ya masomo nilikwenda kituo cha afya nikasimama kando ya dirisha la dawa mpaka foleni ikaisha. Siku zote nimemwona Musawo Kembabazi kama mtu mwenye maringo. Anatuita kwa namba na hatazami uso. Nilimwuliza, huku nikitazama viatu vyangu, mwezi wa tatu alipomwambia mama yangu mbele ya chakula alitaka kusema nini.

Alifikiri nina wazimu. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Chakula iko hapa. Wewe iko hapa. Chakula iko mbele yako. Unakula, unameza. Sasa ingine ni gani?"

Nikamwambia ingine ni gani. Nikamwambia kwamba Mkongo akiambiwa mbele ya kula anasikia tumbo tupu. Musawo akaacha kuhesabu vidonge alivyokuwa akivihesabu.

"Bannange, jamani," akasema. "Mimi iko hapa mwaka wa pili. Kila mutu nasemea hivyo."

Kila mtu. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa ya maringo. Yalikuwa mekundu, ya mtu aliyesimama tangu asubuhi.

"Na wewe unasoma sekondari. Mbona hukuuliza?"

Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua ndogo na sikujifunika.

Jumanne, 1 Oktoba

Saa nne na nusu, mkono wa kushoto. Wa kulia saa tano.

Mzee Anatole alikuja. Ndiye kiongozi wa chumba cha maombi, seremala, mtu wa sauti ya chini. Alimwombea Mama. Alisema mwili wa Mama Apolline umekataa dawa, na mwili una njia yake ya kusema, basi tumwache Mungu amalize kazi. Mama akasema amina. Nilikuwa nyuma ya pazia na daftari hili, nikakata amina yake kwa mstari hewani.

Nakataa. Nataka liandikwe mahali fulani kwamba nakataa. Mungu hakumwambia Mama ameze dawa kali juu ya njaa. Mimi nilimwambia.

Jumamosi, 5 Oktoba

Saa tano. Watu wawili walikuja kusukwa, walipoambiwa wangoje wakaenda kwa mwingine.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna shule. Saa tano na robo. Nilikaa naye asubuhi nzima nikaona kwa macho yangu kile ambacho huwa naambiwa. Anaamka kabla ya sisi. Anakaa kitandani ameweka mikono mapajani, viganja juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Anavipuliza vidole. Anajaribu gumba. Anangoja. Nilidhani mikono yake inalala. Kumbe ni yeye asiyelala.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa tano na nusu.

Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta Mama amekaa nje na mkasi. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayekata bati. Nywele zake zilikuwa chini, zote, ndefu, zile ambazo wateja walikuwa wakiziangalia kabla ya kukubali kuketi. Hakuweza tena kuzichana.

Gisèle alilia. Mama alimwambia aache, nywele si mguu.

"Mama, twende Mbarara," nikasema.

"Kufanya nini? Bakaniongeze dawa, komprime ingine, initoboe fasi ingine?"

"Tarehe ishirini na nne wanakungoja."

"Banangoja bantu mingi. Batanisahau." Akakusanya nywele kwa nyayo, kwa sababu mikono haikuweza. "Hii mikono ni ya mimi, Apolline. Ikikufa, itakufa ya mimi."

Nilikuwa na hasira na yeye, hasira ya kweli, ya kwanza maishani mwangu. Na chini ya hasira hiyo nilijua ni nani aliyestahili kuipata.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama alitoa ushuhuda kwenye chumba cha maombi, kichwa kimefungwa kitambaa. Alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba dawa ya hospitali ilimtoboa tumbo na Mungu akamrudisha, na kwamba aliyewekwa hai na Mungu asirudi kumeza mauti. Watu walipiga makofi. Mbele yangu alikaa bibi Mukamana, ambaye magoti yake ni makubwa kama vibuyu. Niliona akigusa fundo la kitenge chake, pale anapofunga vidonge vyake, akalitazama.

Saa sita kasoro.

Alhamisi, 17 Oktoba

Saa sita. Sasa asubuhi nzima imeisha.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimesema.

Mama alikuwa ametia mikono kwenye beseni la maji ya moto. Gisèle alikuwa kwa Georgette. Mvua ilikuwa inapiga turubai kwa nguvu hata ikanibidi nipaze sauti, mimi ambaye sipazi. Nilisema yote niliyoandika tarehe nane: Musawo alisema nini, nilijua nini, nani walikuwa kwenye foleni. Nilipofika kwenye nusu saa, nilitazama maji.

Maji yalipoa, nikataka kuongeza ya moto, akanizuia kwa kiwiko.

"Nusu saa uliitoa wapi?"

"Kichwani."

"Musawo hakuisema?"

"Hakuisema."

Nilingoja kofi, ingawa asingeweza kunipiga na mikono ile. Badala yake akaanza kusema, hakunitazama, alitazama mlango.

"Unakumbuka mwezi wa tano, wakati posho ilichelewa? Ile nusu saa yako ilinisaidia mingi. Ninasema, bana, mukule, mi minangoja dawa. Munakula. Nusu saa inaisha, sufuria iko mutupu. Muko mushiba, hakuna mwenye anauliza juu ya nini Mama hajakula."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Alikuwa akimeza kidonge mara tatu kwa siku na chakula hakikufuata kabisa, wala kabla wala baada, siku nyingi. Uongo wangu alikuwa ameupa kazi. Alikuwa ameugeuza pazia la kujificha njaa yake.

Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia nimfute mikono, nikamfuta kidole kwa kidole.

"Sasa sikia," akasema. "Mimi nilisimama mbele ya bantu nikasema dawa inaua. Bale bantu banasikia mimi. Kesho weye utasimama mbele ya bantu, useme."

"Mama, mimi siwezi kusema mbele ya watu."

"Uliweza mbele ya kula," akasema.

Ndipo nikaona kwamba kinywani mwake, katika sentensi mbili, neno lile lilikuwa na maana zote mbili, na hakuna hata mara moja aliyochanganya. Ni mimi tu, mwenye vitabu, niliyehitaji kuuliza.

Jumapili, 20 Oktoba

Saa sita. Lakini hiyo si habari ya leo.

Chumba cha maombi kilijaa. Mama alimwomba Mzee Anatole nafasi ya ushuhuda, na Mzee akatabasamu akidhani ni wa kuendeleza ule wa juma lililopita. Mama hakuinuka. Alinisukuma kwa goti.

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Nilipofika mbele niliikunja. Nilisema kwamba dawa ya Mama haikumtoboa kwa sababu ni mbaya. Ilimtoboa kwa sababu dawa hizi za uvimbe hukwaruza tumbo, lazima zikute chakula, na mimi nilimwambia azimeze kabla ya chakula. Nilisema Musawo alimaanisha hivi na sisi husikia vile. Nilisema nilijua, na niliona haya kuuliza.

Kutoka nyuma mtu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi watoto wa shule ndio wanahubiri. Wengine wakacheka. Kwa kawaida ningekaa chini.

Nikasema, "Sihubiri. Nakiri kosa. Na mama yangu atakwenda Mbarara siku ya ine, tarehe ishirini na nne, na mimi nitakwenda naye, na safari hii nitauliza."

Mzee Anatole aliinuka. Nilidhani atanituliza kwa maombi ya kufunga mdomo wangu. Alisimama akipapasa ukingo wa meza aliyoitengeneza mwenyewe.

"Mimi sikusema Mama Apolline aache dawa," akasema polepole. "Nilisema mwili wake umekataa. Nilisema kitu nisichokijua. Mke wangu alichomwa sindano Uvira, akakufa kesho yake. Hakuna mwenye aliniambia juu ya nini. Basi mi nikajitafutia jibu." Akakaa.

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Wiki tatu nimemchukia mtu huyu, kumbe alikuwa na nusu saa yake mwenyewe.

Lakini kilichotokea baadaye ndicho kikubwa. Bibi Mukamana alifungua fundo la kitenge, akatoa vidonge vyake vinne vilivyochakaa, akaviinua.

"Na hizi zangu? Ni mbele ao nyuma?"

Mwingine akatoa vyake kwenye Biblia. Mwingine akasema za mtoto wake ziko nyumbani, akimbie kuzileta? Watu wakanizunguka, wote wakinitazama kwa macho yale yale ya Mama mwezi wa tatu, na ilikuwa rahisi sana, rahisi kupita kiasi, kusema kitu.

Nikasema, "Sijui. Nitauliza."

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa sita. Mama ameshusha kitambaa cha dari mwenyewe, kwa fimbo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tuliondoka alfajiri kupitia Kabingo, tukafika Mbarara jua likiwa juu. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha njano na hakutaka nimshike mkono barabarani. Tuliketi kwenye benchi ndefu pamoja na watu ambao mikono yao ilifanana na ya Mama. Nilikuwa sijawahi kuwaona wengine. Nakivale wote walituambia ni ugonjwa wa wazee, na Mama ana miaka thelathini na tisa. Pale kulikuwa na msichana wa umri wangu kutoka Endiinzi, vifundo vyake vimevimba hivyohivyo.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alizungumza Kiingereza nami nikatafsiri. Aliuliza mikono huwa migumu muda gani asubuhi. Mama akasema, mingi. Daktari akaanza kuandika "mingi" kwa namna yake. Ndipo nikafungua daftari hili.

Nilimsomea. Tarehe tisa saa tatu, tarehe kumi na mbili saa tatu na nusu, hadi leo. Aliacha kalamu. Aliniomba daftari, nikasita, kwa sababu ukurasa wa kwanza uko hapo. Kisha nikampa. Alinakili saa zote kwenye faili. Alibonyeza vifundo vya Mama kimoja kimoja. Alisema huu ni ugonjwa wa baridi yabisi wa aina ambayo mwili unapigana na viungo vyake wenyewe, haujali umri, na ukiachwa unakula mifupa.

Akauliza ile diklofenaki ilitumiwaje.

"Mwambie," Mama akasema. "Yote."

Nikamwambia, kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikunisaidia hata kidogo.

Hakunikemea. Alisema haanzi dawa ya uvimbe leo, kwa sababu tumbo halijatibiwa. Kwanza mwezi mmoja wa vidonge vya tumbo, vile vya kwenye kitambaa, na parasetamoli kwa maumivu. Arudi tarehe 21 Novemba. Na vile vya tumbo, akasema, avimeze asubuhi, nusu saa kabla ya kula.

Mama akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia. Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha Georgette na mandizi, akicheka hadi machozi, mikono yake mibovu imeshika mbavu, na wagonjwa wa benchi wakachungulia mlangoni.

"Nusu saa," alikuwa akisema. "Apolline, nusu saa yako imekuja."

Ndipo nikakumbuka. Babu alikuwa na vidonge vya tumbo kule Uvira, na karatasi yao ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza kabisa nilichojifunza kusoma kwa Kifaransa. Nusu saa iliandikwa humo, haikutoka kichwani mwangu. Ilikuwa ya dawa nyingine.

Daktari alipokuwa anafunga faili nilimwambia angoje. Nilimwuliza: tumbo tupu kabisa? Maji yanaruhusiwa? Akisahau, afanye nini? Aliangalia saa yake. Sikuona haya. Au niliona, lakini niliuliza nikiwa nayo.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa sita. Vidonge vya tumbo, siku ya tatu. Gisèle anakimbia kwa Georgette kila asubuhi kuangalia nusu saa. Sasa Mama anakula wa kwanza, mimi nikimtazama hadi sahani iwe nyeupe. Anasema nimekuwa askari.

Jumapili, 3 Novemba

Saa tano na nusu. Amelia kwa maumivu leo, hakujificha. Bado wiki mbili na zaidi. Hatuachi.

Jumanne, 12 Novemba

Saa sita. Mvua ya mawe. Mahindi yamelala.

Alhamisi, 21 Novemba

Mbarara tena. Amepewa dawa ya uvimbe, kiasi kidogo, mara mbili kwa siku, na ya tumbo iendelee. Daktari alisema hii itatuliza uvimbe tu. Majibu ya damu yakiwa mazuri mwezi wa kwanza, ataongezewa nyingine ya mara moja kwa wiki, ambayo ndiyo inayouzuia ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kwa sasa ya tumbo ni kabla ya kula na ya uvimbe ni baada. Nilimwomba Mama aseme mwenyewe kwa maneno yake.

"Ya tumbo, mbele ya kula. Ya mikono, ninakula, ninashiba, ndipo ninameza. Na kama sufuria iko mutupu, simezi. Ninakuja kukuambia."

Sentensi ya mwisho daktari hakuisema. Niliipenda kuliko zote.

Jumatatu, 25 Novemba

Saa nne na nusu.

Jumapili, 1 Desemba

Saa tatu na nusu. Hakuna damu, tumbo haliumi.

Ijumaa, 6 Desemba

Saa tatu. Mitihani imekwisha. Georgette alikuja, akaketi, akasukwa. Mstari wa tano ulipinda kidogo. Mama aliufumua akausuka tena, ukanyooka. Vidole havijawa vile vya zamani na daktari hakuahidi. Pete bado haitoki.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo nilikwenda kituo cha afya saa mbili asubuhi na orodha ya maswali ya watu wa chumba cha maombi, kumi na saba. Nilimpa Musawo Kembabazi. Aliisoma yote, akasema foleni ni ndefu, hana muda, na kama nataka majibu nimsaidie. Akanipa kiti kando ya dirisha la dawa, nje. Mtu akitoka na vidonge, nimwulize atavimezaje, na kama amekosea nimrudishe dirishani.

Nikaketi. Wa kwanza kutoka alikuwa bibi Mukamana. Nikamwuliza. Akasema haraka kwamba ameelewa, amesikia, asante mwanangu, akaanza kwenda zake. Nikainuka nikamfuata hadi njiani, nikamwomba arudi, na watu wote wa foleni walikuwa wakitazama.

"Bibi," nikasema, "niambie wewe. Unakula lini, unameza lini?"

Akaniambia, na alikuwa sawa.

Nikamwomba arudie.